Kufundisha wanachuo kujenga hoja kwa Kiingereza: waanze na mdomo, karatasi ije baadaye

Walimu wenzangu mnaopangiwa ile kozi ya Communication Skills kila muhula, na nyie ma-TA (wahadhiri wasaidizi) mnaobebeshwa semina zake, hii ni yenu. Naongelea mazingira ya kwetu Tanzania maana ndo nayoyajua, darasa la watu mia tatu ukumbini, maiki inakoroma, halafu mtaala unasema muhula ukiisha mwanafunzi aweze kusimama atoe prezentesheni kwa Kiingereza na aandike insha ya hoja inayoeleweka. Inawezekana kabisa, ila usianze na grama.

Kwanza jua umepokea nani. Huyu kijana, kama alisoma shule ya serikali, kapiga miaka saba ya msingi kwa Kiswahili, akaingia kidato cha kwanza masomo karibu yote yakageuka Kiingereza, akajifunza kuishi kwa kukariri. Akafika fomu faivu na siksi akaandika insha za GS, yaani General Studies, utangulizi, pointi sita, hitimisho, na kila pointi ina neno moja zito mwanzoni, poverty, unemployment, corruption, halafu mistari mitatu ya kuzungushazungusha, halafu "for example Tanzania", twende pointi inayofuata. Pointi zilimletea maksi, sasa unategemea akija chuo afanye nini? Ukimwambia atetee hoja anakuletea orodha. Wala sio uvivu, alifundishwa hivyo na akafaulu nayo.

Sasa huyo huyo mfuate jioni kwenye vimbweta, yale mabenchi ya zege ya chuoni, umsikilize anavyobishana Simba na Yanga. Anatoa dai, analeta matokeo ya mechi kama ushahidi, anajua kabisa mwenzake atajibu nini anamuwahi, na pale anapobanwa anakubali kidogo, "sawa, kipa wenu mzuri sijakataa, lakini beki je?" Mwalimu, hapo kila unachotaka kumfundisha tayari anacho. Kinachokosekana ni njia ya kukitoa kimbwetani mpaka kwenye karatasi, na kwa lugha ambayo akiifungua tu anaanza kuogopa.

Kwa hiyo wiki mbili za kwanza achana na mada za vitabuni. Climate change, globalization, sijui effects of social media, hizo zinaleta insha za kukopi. Chagua kitu kinachomuuma. Mimi napenda makato ya mkopo wa bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, ule unaorejeshwa kwa kukatwa mshahara ukishaajiriwa, maana darasani nusu wanasubiri bumu (hela ya mkopo huo) na nusu wamekosa, kila mtu ana la kusema. Na ukweli wake unajulikana: sheria ilirekebishwa 2016 makato yakatoka asilimia 8 yakawa 15 ya mshahara wa msingi, na mwaka 2021 ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ikafutwa. Hapo una tarakimu, una historia, na una pande mbili zenye akili, kwa sababu hela inayorejeshwa na waliomaliza ndo inasaidia kukopesha wanaokuja. Mada isiyo na upande wa pili wenye akili haifai kufundishia, watabaki kulaani tu.

Siku ya kwanza wape kazi moja: kila mtu aandike sentensi moja ya dai. Kiswahili ruksa. Najua kuna wenzetu wanapiga marufuku Kiswahili mlangoni, wengine wanatoza mpaka faini, mimi siungi mkono hata kidogo, mtu akifikiri kwa lugha asiyoimudu anafikiri kidogo, na hayo majadiliano ya vikundi ukigeuka tu yanarudi kwenye Kiswahili, bora uyatumie kuliko kujifanya hayapo. Dai likishasimama ndo linavukishwa kwenda Kiingereza.

Halafu kila dai lipitishe kwenye maswali mawili. La kwanza, nani anakataa? Akiandika "elimu ni muhimu" muulize nani duniani amesimama kusema sio muhimu, darasa litacheka, na yeye ataelewa kuwa hajadai kitu. La pili, kwa hiyo? "Makato ni makubwa", kwa hiyo nini kifanyike, na nani, lini? Hapo dai linaanza kunyooka: makato yaanze na asilimia 8 kwa miaka mitatu ya kwanza kazini, ndo yapande 15. Hilo sasa mtu anaweza kukataa. Kwa Kiingereza linakuwa "Loan deductions should start at 8 percent for the first three years of employment and rise to 15 percent after that." Ubaoni hapo, kubwa. Waone kwamba sentensi ya hoja haihitaji maneno magumu, hapo hakuna neno ambalo mtoto wa kidato cha pili halijui.

Baada ya dai njoo kwenye ushahidi, na hapa ndo pagumu, msipite haraka. Mwingereza mmoja mwanafalsafa, Stephen Toulmin, mwaka 1958 aliigawa hoja vipande vipande, na vitatu kati ya hivyo vinatosha kabisa kwa mwaka wa kwanza: dai, ushahidi, na ule uzi unaounganisha ushahidi na dai. Wanafunzi wetu dai wanaweza, ushahidi ukiwasukuma wanaleta, uzi ndo hawaandiki kwa sababu wanaona ni kitu cha wazi. "Mshahara unakatwa asilimia 15, kwa hiyo makato yapungue." Kwa hiyo ipi? Asilimia 15 ni kubwa kulinganisha na nini? Anayelipwa milioni tatu inamuuma sawa na anayelipwa laki saba? Mlazimishe aseme ile sentensi ya katikati, kwamba wa mshahara mdogo kila shilingi anayokatwa inatoka kwenye chakula na kodi ya chumba. Kiingereza chake ni "This matters because..." na mwanzoni waache waiandike hivyo hivyo kila aya, hata ikichosha kusoma, baadaye wataivua wenyewe.

Nikupe aya ya aina tunayoisahihisha kila muhula, hii nimeitunga lakini ukiisoma utadhani imetoka kwenye rundo lako:

"Firstly, poverty. This is among of the effects of loan deduction. Graduates they are suffering from poverty because their salary is reduced. For example in Tanzania many graduates are poor. Therefore the government should look at this matter with a third eye."

Mwalimu mwenye haraka anachukua peni nyekundu anakata "among of", anakata "they", anaweka alama ya kuuliza kwenye third eye, anaandika "grammar!" pembeni, basi. Mwanafunzi akirekebisha hayo yote aya inabaki tupu vile vile. Ugonjwa wa hii aya hauko kwenye "among of". "For example in Tanzania" sio mfano, Tanzania ni nchi nzima. Na "poverty" sio sababu, ni kichwa cha habari. Sasa fanya hivi, itupie kwenye projekta (jina ufute, hata kama mwenyewe hajali) muijenge upya na darasa zima kwa sauti, wao wanasema wewe unaandika. Waulize maswali tu. Nani hasa anaumia? Kiasi gani? Tuchukue mshahara wa mfano, laki saba, asilimia 15 yake ngapi? Laki moja na elfu tano. Laki moja na tano Dar inafanya nini? Hapo utasikia ukumbi mzima unapiga kelele, kodi ya chumba! Na anayepinga atasema nini? Mkishamaliza mnapata kitu kama hiki:

"The deduction hurts most in the first years of work. Suppose a graduate has a basic salary of 700,000 shillings. Every month 105,000 of it goes to the loan, and in Dar es Salaam that can be the rent for a room. Some people argue that the money must come back quickly so that younger students can borrow, and they have a point. However, a graduate who starts at 8 percent still repays the whole loan. It only takes longer."

Sentensi fupi fupi, maneno ya kawaida, na inasimama. Halafu usiiache hapo, waambie waibomoe. Atatokea mmoja, kila darasa yupo, atasema mwalimu, ikichelewa kurudi si maana yake mwakani watakopeshwa wachache? Ndiyo. Mpigieni makofi, kisha darasa liamue dai libadilike au lijibiwe. Wengi hawajawahi kuambiwa kwamba kubadilisha dai katikati ya kuandika kunaruhusiwa, shuleni walizoea mjadala wa "teacher is better than doctor" ambapo ukishakuwa proposer unakufa na upande wako. Ndo maana asainimenti ya kwanza mimi naigeuza, aliyepinga makato aandike aya moja nzuri ya kuyatetea, na maksi anapewa na wale wanaoyatetea kweli. Wananung'unika sana. Aya ya "some people argue" baada ya hapo inabadilika kabisa, haimweki tena mpinzani kama mjinga.

Sasa mdomo. Kabla hawajaandika insha nzima waiseme, na kuna zoezi wenzetu wa kufundisha lugha wanaliita 4/3/2, halina gharama na linafanya kazi hata mkiwa mia tatu. Wakae wawili wawili. A anamweleza B hoja yake dakika nne bila kusoma. Wanabadilisha majirani, A anamwambia mtu mpya hoja ile ile dakika tatu. Wanabadilisha tena, dakika mbili. Kisha zamu ya kina B. Ukumbi utakuwa kama soko la Kariakoo, acha, hayo ndo makelele ya watu mia na hamsini wanaoongea Kiingereza kwa mkupuo, kwenye lekcha ya kawaida wangeongea wawili. Raundi ya kwanza utasikia eeh, aah, yaani, what is it called. Ya tatu yule yule anateremka nayo, kwa sababu maneno ameshayatafuta na yasiyo na kazi ameyaacha njiani. Wakimaliza tu, papo hapo, karatasi na kalamu, dakika ishirini waandike walichosema. Hiyo ndo rasimu ya kwanza ya insha. Imeandikwa darasani, kwa mkono, kwa Kiingereza chake mwenyewe, unaikusanya unaipiga picha. Ikija ile insha ya mwisho imenyooka kama imetoka ubalozini, unayo ya kulinganisha nayo, na unamwita dakika mbili akueleze uzi wa aya ya tatu. ChatGPT wanayo wote kwenye simu na mimi siwakatazi kuitumia kurekebisha lugha, ila anayeshindwa kueleza kwa mdomo kilicho kwenye karatasi yake hana maksi za hoja. Hili waambie wiki ya kwanza, sio siku ya kusahihisha.

Kabla ya yote hayo lakini malizana na suala la kucheka. Mtu akichapia ung'eng'e mbele ya wenzake akachekwa, umempoteza mpaka muhula uishe, na atakuwa anakaa nyuma kabisa kule karibu na mlango. Watoto waliotoka shule za yai, zile za kusoma kwa Kiingereza tangu msingi, ndo wanaoongoza kucheka, uwaangalie. Sheria yangu ni fupi, aliyecheka anakuja mbele anaendelea alipoishia mwenzake. Mara nyingi inatumika mara moja tu.

Matamshi usihangaike nayo yote. Hawahitaji kuongea kama BBC, na lafudhi yetu haina ubaya wowote, r na l zikigongana watu wanaelewa tu. Shughulikia yale yanayoua maana. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, tunalihamishia hilo kwenye Kiingereza bila kujua, ndo maana mtu anasema deve-LOP-ment badala ya de-VE-lopment, hiyo bado inaeleweka. Lakini fifteen na fifty? Tukikaza kwetu, fifteen inakuwa FIF-teen, ile n ya mwisho ikimezwa kidogo na maiki, msikilizaji kashasikia fifty. Prezentesheni nzima imejengwa juu ya asilimia 15 na ukumbi unasikia 50! Wafundishe kukaza mwisho, fif-TEEN, na namba yoyote muhimu iandikwe kwenye slaidi au ubaoni. Na he na she, sisi "yeye" inatutosha wote, kwa hiyo mtu anamtaja mama yake halafu anasema he. Mtahadharishe, afanye mazoezi, asonge mbele.

Slaidi. Jamani slaidi. Mtu anabandika ukurasa mzima kutoka kwenye insha, herufi saizi 14, anawapa watu mgongo anaanza kusoma. Masharti machache: slaidi nne au tano kwa dakika tano, herufi zisishuke chini ya 28, na kichwa cha slaidi kiwe sentensi yenye dai. Sio "Introduction", sio "Challenges". Kiwe "The deduction takes a room's rent every month". Ukisoma vichwa tu vya slaidi zote mfululizo upate hoja nzima, usipoipata slaidi zirudi. Na kila kikundi kijiandae kuongea bila slaidi kabisa, maana umeme unajulikana, na ule waya wa projekta siku yako ndo unagoma. Chaki inatosha.

Dakika tano za Kiingereza kwa mwendo wa kusikika ni kama maneno 600 na kidogo hivi, sio kurasa sita. Wengi wakiambiwa muda umebaki dakika moja wanaongeza spidi, badala yake wapange tangu nyumbani kipande gani kitarukwa. Mwanzo nao, "Good morning everyone, my name is so and so, I am here to present about the topic which says", hiyo sekunde ishirini zimekwenda na hakuna aliyesikiliza. Aanze na kitu chenyewe. "Fifteen percent. If you took a loan to sit in this room, that is what you will give back every month." Kimya kitatulia hapo, jina aje aliseme baadaye. Hizo sentensi mbili za kwanza na mbili za mwisho azikariri neno kwa neno, ndo mahali pekee naporuhusu kukariri, katikati awe na kikaratasi chenye maneno matano sita tu. Akikwama asiseme sorry sorry, ajifunze "Let me put it another way" na arudi nyuma sentensi moja.

Kazi za vikundi nazo mnazijua, kikundi cha watu kumi, mmoja kaandaa, wawili wanaongea, saba wamekuja na jina na shati limepigwa pasi. Andika namba kwenye vikaratasi, anayeongea sehemu ipi aitwe kwa kura dakika hiyo hiyo mbele ya darasa. Wiki inayofuata kila mtu anaijua kazi nzima. Wasikilizaji pia wape kazi: kila mmoja aandike sentensi moja, huyu anadai nini? Kusanya, msomee mzungumzaji bila majina. Kama watu arobaini wameandika madai kumi na mawili tofauti, hakuna maoni yako yatakayomfundisha zaidi ya hayo makaratasi.

Kwenye kusahihisha, piga hesabu mapema. Insha sitini kwa dakika kumi kila moja ni masaa kumi, na una vipindi vingine. Kwa hiyo usisahihishe kila kosa, hawasomi pia, wanaangalia maksi wanafunga. Mimi nusu ya maksi ni dai, ushahidi na uzi wake, robo ni jinsi alivyomjibu mpinzani, lugha inachukua robo iliyobaki. Maoni matatu tu kwa karatasi, na mawili yawe maswali: "nani hasa?", "umejuaje?" Kosa la lugha chagua moja linalojirudia, sema ile "graduates they are", lipigie mstari mara ya kwanza na ya pili, mengine yote ayatafute mwenyewe. Yale makosa yanayoonekana kwenye karatasi za watu wengi yaweke kwa ajili ya semina, dakika kumi ubaoni, "among of" na "discuss about" zinamalizwa pamoja badala ya kuziandika mara sitini.

Maksi usiziandike kwenye insha ya kwanza. Rudisha na yale maoni matatu ndani ya wiki moja kabla hawajaisahau, uwape siku tano waandike upya, na juu ya ile ya pili waweke mistari miwili kwa Kiswahili au Kiingereza inayosema wamebadilisha nini na kwa nini. Hiyo ya pili ndo inapata maksi za coursework. Anayeleta ile ile ya kwanza amebadilisha fonti tu utamjua kwa ile mistari miwili.